Nusu uso, wiki 12: namna ya kujaribu seramu ya peptidi bila kujidanganya

Nina miaka 54, na 19 kati ya hiyo nimeitumia kwenye chumba cha nyuma cha famasi nikichanganya dawa za kupaka. Kupima unga, kukoroga juu ya kigae cha kioo, kujaza vikopo, kubandika lebo. Ndiyo maana dada yangu mkubwa alipokuja na kichupa cha seramu ya peptidi, maji ya buluu ya kupaka usoni, na kuniuliza, "Mdogo wangu, hiki kitu kinafanya kazi au nimeliwa?", alitegemea jibu papo hapo. Sikuwa nalo. Nilimwomba wiki 12, nikamwambia asishangae akiniona nina sura mbili.

Wiki hizo zikawa miezi tisa, kwa kosa langu mwenyewe ambalo nitalieleza mbele. Utaratibu ninaouandika hapa ndio niliofika nao mwisho. Haumrudishi mtu wa miaka 50 kwenye 30. Kazi yake ni kukuwezesha kujua kama chupa uliyonayo inakusaidia, na kukulinda isikudhuru wakati unangoja kujua.

Ulichoshika ni nini

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na peptidi ni kipande kifupi cha mnyororo wa namna hiyohiyo. Kolajeni, protini inayoifanya ngozi ijae na kukaza, ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba, kila uzi ukiwa na asidi amino zipatazo 1,000. Peptidi za kwenye seramu huwa na asidi amino tatu, tano, sita, nane. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia peptidi ni "kolajeni ya kupaka" amekuonyesha ukili mmoja akadai ni mkeka.

Kinachotarajiwa kwa peptidi ni kupeleka habari. Kolajeni kuukuu inapovunjika ndani ya ngozi, vipande vyake huwa ishara kwa seli zinazoifuma kwamba kuna pengo la kuziba. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, walieleza kwamba kipande cha asidi amino tano kiitwacho KTTKS, kinachopatikana kwenye kolajeni changa, kilizichochea seli za maabara kutengeneza kolajeni zaidi. Kikaongezewa mkia wa mafuta, kikawa palmitoili pentapeptidi-4, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara, Matrixyl.

Kundi la pili ni la wachukuzi. GHK ina asidi amino tatu tu. Loren Pickart aliitambua kwenye damu ya binadamu mwaka 1973. Hushikana na shaba, na hiyo shaba ndiyo iliyokipa kichupa cha dada rangi ya buluu. Kundi la tatu linadai kulegeza misuli midogo ya uso. Mashuhuri humo ni asetili heksapeptidi-8, yaani Argireline, iliyoigizwa kutoka kwenye kipande cha SNAP-25, protini ileile ambayo sindano ya botoksi huikata ili msuli usipokee amri ya kukunjamana.

"Lakini ni za kutengenezwa maabara," dada alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda. Ni kweli. Mwaka 1963 Bruce Merrifield alichapisha njia ya kujenga peptidi kwa kuifunga asidi amino ya kwanza kwenye chembe ya plastiki kisha kuongeza nyingine moja baada ya moja, kama anayetunga shanga, na mwaka 1984 akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. GHK iliyotungwa hivyo na iliyomo ndani ya damu yako ni kitu kimoja: asidi amino zilezile, mpangilio uleule. Mimi niliyezoea kuchanganya dawa naona afadhali kitu kilichotungwa na kusafishwa kuliko kilichokamuliwa kwenye tishu ya mnyama kikaja na vingine vilivyokifuata.

Mlango

Hapa ndipo penye mzozo wote, na ukipaelewa utakuwa umeelewa faida na usalama kwa pamoja.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni la seli zilizokufa zilizopangwa kama vigae, katikati yake mafuta. Unene wake usoni ni takriban mikromita 10 hadi 20, mwembamba kuliko unywele, lakini limeumbwa kwa ajili ya kuzuia. Mwaka 2000 Bos na Meinardi walichapisha kanuni ambayo watu wa dawa za kupaka tunaitumia hadi leo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya kwa shida sana. Sasa pima. GHK ina kama daltoni 340; uzito unaruhusu, ila inapenda maji na mlango ni wa mafuta. KTTKS ina kama 563, imezidi kidogo. Mkia wa mafuta unaipandisha hadi kama 802, lakini unaifanya ielewane na yale mafuta yaliyo kati ya vigae, na hilo linafidia uzito. Argireline ina kama 889, inapenda maji, mkia haina. Ndiyo maana naiamini kidogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa tarumbeta zaidi.

Na mlango huohuo unaoipunguzia peptidi nguvu ndio unaokulinda nayo. Kiasi kinachopita ni kidogo, kinavunjwavunjwa na vimeng'enya vya ngozi, na mwisho wake ni asidi amino ambazo mwili unazijua. Jopo la wataalamu wa Marekani linalopitia viambato vya vipodozi, Cosmetic Ingredient Review, liliichunguza palmitoili tripeptidi-1 na palmitoili tetrapeptidi-7, mbili zinazopatikana pamoja kwenye seramu nyingi, likaziona salama kwa viwango vinavyotumika. Usalama huo ni wa kupaka juu ya ngozi nzima, isiyo na jeraha. Ukiutoboa mlango umebadilisha hesabu yote.

Naambiwa sana kuhusu vile vigurudumu vya sindano ndogondogo vya kujipitishia usoni nyumbani, kisha unamwaga seramu juu yake "izame". Usifanye hivyo. Mwaka 2014 madaktari wa ngozi walichapisha habari za wanawake watatu waliotokewa na uvimbe mgumu wa mzio usoni baada ya kutobolewa kwa sindano hizo na kupakwa bidhaa za juu ya ngozi. Wawili kati yao walikuwa wamepakwa seramu ya vitamini C ileile. Seramu ya kupaka haikutengenezwa ili iingie ndani. Ina vihifadhi, pengine manukato, na haikusafishwa kwa kiwango cha dawa ya sindano. Vivyo hivyo zile peptidi za unga zinazouzwa kwenye vichupa vya kioo, zikiandikwa kwamba ni za utafiti tu, halafu muuzaji anakunong'oneza namna ya kujidunga. Hizo si vipodozi, na mwongozo huu hauzihusu.

Inafanya nini hasa

Utafiti ninaouheshimu zaidi ni wa Robinson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005. Wanawake 93 wa miaka 35 hadi 55 walipaka krimu yenye palmitoili pentapeptidi-4 upande mmoja wa uso, na upande wa pili krimu ileile isiyo na peptidi, kwa wiki 12. Upande wenye peptidi mikunjo midogo ilipungua kuliko upande wa pili. Ilipungua kidogo, lakini kwa kiasi kilichopimika, na ngozi haikulalamika. Wote walikuwa weupe, nami si mweupe, jambo ambalo watangazaji wanaoutaja utafiti huo hawalisemi.

Kiwango walichotumia ni sehemu 3 kwa milioni. Nilipiga hesabu kwa mazoea ya kazi: kwenye chupa ya gramu 30, hiyo ni miligramu 0.09. Uzito wa punje moja au mbili za chumvi ya mezani, kwa chupa nzima! Dada alipolisikia hilo alikitazama kichupa chake kama amekutwa na msiba. Nikamtuliza. Habari haihitaji kuwa nzito, na homoni nyingi mwilini hufanya kazi kwa viwango vidogo kuliko hivyo.

Utafiti wa Argireline unaonukuliwa kila mahali, wa mwaka 2002, ulisema kina cha mikunjo kilipungua hadi asilimia 30 kwa siku 30. Ulikuwa na wanawake 10, na watafiti kadhaa walitoka kwenye kampuni iliyoibuni. Kumi! Foleni ya asubuhi dirishani kwetu ilikuwa ndefu kuliko hiyo.

Basi, kwa kauli yangu: seramu nzuri ya peptidi inaweza kulainisha mikunjo midogo, hasa pembeni mwa macho, na kuifanya ngozi ishike maji vizuri zaidi. Hainyanyui shavu lililoshuka, haifuti madoa meusi, wala mifereji mirefu inayotoka puani hadi mdomoni haiijui. Faida yake kubwa ni upole. Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1995 kwa ngozi iliyozeeshwa na jua, ina ushahidi mzito kuliko peptidi yoyote, lakini inachubua, inawasha, na mjamzito haruhusiwi kuigusa. Kwa mtu ambaye ngozi yake imeikataa, peptidi ni pa kukimbilia.

Kinga ya jua kabla ya chupa

Kama hupaki krimu ya kukinga jua kila asubuhi, funga ukurasa huu kwanza ukaanze na hiyo. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kila siku walionyesha kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko walioachwa wapake wanavyopenda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Sijaona seramu yenye rekodi ya namna hiyo. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na mikunjo hutuchelewa, lakini madoa na rangi isiyo sawa havituchelewi hata kidogo.

Kusoma lebo

Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kikitangulia, hadi kufikia vilivyo chini ya asilimia 1. Hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Peptidi karibu zote zimo kwenye hicho kikundi cha mkiani. Kwa hiyo usishtuke kuikuta chini, na usifurahi kuikuta juu kidogo, kwa sababu nafasi yake hapo haikuelezi kitu. Tafuta neno linaloishia kwa "peptide" lenye namba nyuma yake. Kama mbele ya chupa pameandikwa peptidi kwa herufi kubwa na nyuma hakuna neno hilo, irudishe rafuni.

Asilimia kubwa mbele ya chupa zisikupumbaze. Argireline huwafikia watengenezaji ikiwa imeshayeyushwa kwenye maji, na mchanganyiko ule wa kawaida una peptidi asilimia 0.05 tu. Anayetia asilimia 10 ya mchanganyiko huo ana haki ya kuandika "asilimia 10", na ndani yake peptidi yenyewe ni asilimia 0.005. Hajasema uongo. Amekuachia wewe ujidanganye.

Chupa iwe ya pampu, isiyopitisha mwanga ikiwezekana. Kikopo cha kuchovya vidole nakikataa kwa sababu ya miaka yangu ile 19: nimeona vilivyorudishwa vikiwa na ukungu pembezoni. Angalia alama ya kikopo kilicho wazi yenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi baada ya kufungua, na siku ya kufungua iandike mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, maana utasahau. Manukato yasiwemo. Peptidi zenyewe ni nadra kumletea mtu mzio. Wanaoleta ghasia mara nyingi ni manukato na vihifadhi, methilisothiazolinoni ikiwa miongoni mwa wakorofi wakubwa. Na kama lebo haina jina la mtengenezaji wala namba ya toleo, mazungumzo yaishie hapo.

Jambo moja zito zaidi. Ukiona krimu "ya peptidi" inayong'arisha na kulainisha uso kwa siku tatu, ogopa. Peptidi haina kasi hiyo. Wenye kasi hiyo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na zebaki. Zebaki kwenye vipodozi iliwekewa kikomo cha sehemu 1 kwa milioni na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa ifikapo 2025; na steroidi hukondesha ngozi polepole mpaka mishipa inaanza kuonekana. Nilimhudumia mama mmoja wa namna hiyo dirishani. Alikuja kuuliza kama krimu yake ileile ipo, kwa sababu kila akiiacha uso unawaka moto. Sikumuuzia chochote, nikampeleka kwa daktari wa ngozi, na alinikasirikia.

Kiwiko, na kosa langu

Paka tone dogo ndani ya kiwiko, upana wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku saba. Usiishie siku ya kwanza, maana mzio wa ngozi hujitokeza baada ya siku mbili, tatu, hata nne za mgusano. Wekundu, vipele, mwasho usioisha: umepata jibu bila kuuhusisha uso.

Mimi sikufanya hivyo. Mtu aliyeandika "jaribu kwanza sehemu ndogo" kwenye lebo kwa miaka 19 alikipaka kichupa cha dada usoni jioni ileile. Na si hivyo tu. Asubuhi nilikuwa natumia seramu ya vitamini C, usiku asidi ya glikoli, na buluu nikaiweka juu ya zote mbili, nikiona kuacha kitu nilichokilipia ni ufujaji. Siku ya tisa shavu la kushoto lilikuwa linachoma kama nimelipangusa kwa pilipili. Wekundu uliisha ndani ya wiki. Madoa meusi yaliyobaki yalikaa miezi mitano, kwa sababu ngozi yenye rangi ikiwashwa hujibu kwa kumwaga rangi zaidi.

Buluu pengine haikuwa na hatia. Asidi ya glikoli ndiyo iliyokwisha kuuchubua mlango, na vitamini C halisi, askobiki asidi, hufanya kazi kwenye uchachu mkali, pH 3.5 au chini yake. Shaba nayo huiharibu vitamini C zikikutana, kwa hiyo nilikuwa nalipia vitu viwili ili vipigane. Tangu hapo kanuni yangu ni hii: peptidi ya shaba na vitamini C visikae kwenye uso mmoja kwa wakati mmoja; moja asubuhi, nyingine usiku. Usiku wa asidi kali ni usiku wa asidi na krimu ya unyevu tu. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, haina ugomvi na peptidi. Retinoli, ndugu ya tretinoini, pia unaweza kuiweka usiku mmoja na peptidi, lakini si wakati wa jaribio, maana hutajua nani alifanya nini.

Nusu uso

Jaribio la pili nililianza ngozi ilipotulia kabisa, kwa chupa nyingine: palmitoili pentapeptidi-4, haina harufu, ya pampu. Nililifanya hivi, nawe fanya hivi.

Rusha sarafu kuchagua upande. Usichague mwenyewe, kwa sababu mkono utakwenda kwenye upande unaoupenda. Mimi nilipata kushoto, na nikafurahi kimoyomoyo kwamba madoa yalishaisha. Kabla ya kuanza jiulize jua linakupiga wapi zaidi. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28: upande wa kushoto, uliokuwa dirishani, ulikuwa na mikunjo na mabonde kama ya mtu mwingine, mkubwa zaidi. Kioo huzuia mionzi inayounguza lakini huacha ile inayozeesha ipenye. Kama meza yako ya kazi iko dirishani, igeuze kwa wiki hizo 12, au angalau usikose kupaka kinga pande zote mbili.

Upande wa pili usiuache mkavu. Upake krimu ya unyevu ya kawaida, na krimu hiyohiyo ipite juu ya seramu upande wa kwanza. Hili ndilo watu wengi wanaliruka, na ndilo linaloharibu hukumu: maji peke yake huijaza ngozi na kuficha mikunjo midogo kwa saa kadhaa. Ukilinganisha seramu na ngozi kavu, hata glisirini itaonekana muujiza.

Osha uso, kausha kwa kugusagusa, uache na unyevu kidogo. Matone mawili yanatosha nusu ya uso. Matatu ni kulisha taulo. Ngoja dakika moja, paka krimu, na asubuhi malizia na kinga ya jua. Kope na ukingo wa ndani wa jicho viache. Rudia usiku. Ndivyo hivyo kila siku, na kama umeruka siku, andika kwamba umeruka. Daftari langu lina siku 11 zilizorukwa kati ya 84, nyingi Jumapili, sijui kwa nini.

Picha ndizo mwamuzi. Nilibandika vipande viwili vya utepe sakafuni pa kuweka visigino, kimoja ukutani pa kuelekeza macho. Dirisha lilelile, saa mbili asubuhi, kabla ya kuosha uso, nywele zimefungwa nyuma, simu juu ya kopo lilelile, vichujio vyote vya kupamba picha vimezimwa. Picha nne kila baada ya wiki mbili: kila upande ukiwa umetulia, na kila upande ukitabasamu, maana mikunjo ya jicho hujificha uso ukitulia. Ukishapiga usizitazame. Kioo cha kila siku ni shahidi asiyefaa. Leo umelala vizuri kinakusifu, kesho umelia kinakuhukumu.

Acha mara moja kama kuna kuchoma kunakozidi dakika chache, kope kuvimba, au vipele vinavyoongezeka siku hadi siku. Kuvimba midomo au kupumua kwa shida si suala la kuacha seramu, ni la kukimbilia hospitali. Mwenye ukurutu uliochachamaa au jeraha asubiri lipone. Mjamzito apeleke lebo kliniki, isomwe yote na si neno peptidi tu, kwa sababu retinoli hupenda kujificha kwenye chupa hizohizo.

Hukumu

Wiki ya 12 nilizichapa picha za mwanzo na za mwisho, nikakata nusu nusu ili pande zisijulikane, nikazitia herufi nyuma, nikampa dada azipange: kabla na baada, na upande upi ulibadilika zaidi. Hakujua nilikuwa napaka wapi. Alivaa miwani yake ya kusomea, akachukua muda kama anahesabu mahari.

Pembeni mwa jicho alichagua kushoto bila kusita. Paji la uso alichagua kulia, akakosea. Mifereji ya mdomoni alisema zote ni mimi, hakuna tofauti. Nilipozitazama mwenyewe nikakubaliana naye: ile mikunjo mitatu ya jicho la kushoto ilikuwa bado mitatu, ila miwili imekuwa mifupi. Mtu akinikuta njiani hawezi kuiona tofauti hiyo. Niliamua kuendelea nayo kwa macho tu, tone moja kila upande, na paji la uso nikaliachia kinga ya jua na umri wake.

Kama katika hatua hii anayekuamulia anababaika, usinunue chupa ya pili. Wala usihamie peptidi nyingine kesho yake ukiwa bado na hasira. Uache uso ukae wiki nne na krimu ya kawaida, pande zilingane, ndipo uanze upya.

"Na kichupa changu?" dada akauliza. Nilikileta kutoka kabatini. Miezi tisa baada ya kufunguliwa, buluu ilikuwa imegeuka kijani cha maji ya bwawa, nikakimwaga kwenye sinki mbele yake huku akilalamika. Wiki iliyofuata alinunua kingine, kipya, cha buluu safi, akakiweka mezani kwangu pamoja na sarafu.

Imeangukia kulia. Leo ni siku ya tano ya kiwiko.